Mzigo wa Rwanda na Burundi kupitia Bandari ya Tanga: kina kimepatikana, siku zinapotea wapi?

Ngamiani_B12

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Nafungua uzi huu kwa wanaofanya kazi ya mizigo ya nchi zisizo na bahari, na kwa wanaofikiria kuianza hapa kwetu. Habari za gati tumezisikia vya kutosha: lango la meli limechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, gati mbili zenye jumla ya mita 450 zimekamilika, na uwezo wa bandari umetajwa kupanda kutoka tani 750,000 hadi tani milioni 3 kwa mwaka. Ni kazi kubwa na inaonekana kwa macho. Zamani meli ilitia nanga zaidi ya kilomita moja nje, kontena likashushwa kwenye tishari, tishari likavutwa hadi gatini, ndipo kontena linyanyuliwe tena. Sasa meli inafunga gatini moja kwa moja.

Lakini mwenye duka la jumla Kigali au Gitega hanunui kina cha maji. Ananunua siku. Tupige hesabu ya gari moja. Tuseme gharama ambazo gari likilala au likitembea lazima zilipwe (mkopo, bima, leseni, mshahara) ni dola 100 kwa siku. Likienda Kigali na kurudi kwa siku 12, linafanya safari 30 kwa mwaka. Likitumia siku 18, linafanya safari 20. Dola 36,500 za mwaka ukizigawa kwa safari 30 unapata kama dola 1,217 kwa safari. Ukizigawa kwa 20 unapata dola 1,825. Zaidi ya dola 600 zimepanda juu ya kila mzigo na gari halijaongeza hata kilomita moja.

Sasa weka umbali. Kwenda Rusumo (mpaka wa Rwanda) kwa lami ya sasa, gari la Tanga linapita Segera, linashuka hadi Chalinze, ndipo linashika Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Lusahunga. Tanga hadi Chalinze ni kama kilomita 245, Dar hadi Chalinze ni kama 105. Kwa hiyo tunaanza tukiwa nyuma kwa kilomita 140. Gari lenye mzigo likila lita 45 kwa kilomita 100 na likirudi tupu likala lita 30, ziada hiyo ni lita 105 kwa kwenda na kurudi. Dizeli ikiwa dola 1.10, ni kama dola 115, yaani gharama ya siku moja na kidogo.

Maana yake ni hii: Tanga ikimwokolea mteja siku mbili getini, imeshafidia umbali wote na chenji inabaki. Ikimpotezea siku mbili, hakuna punguzo la tozo litakalomrudisha. Ndiyo maana nataka tuzungumzie siku, na kila mwenye ujuzi aseme zinapotelea wapi kwenye eneo lake.

Raskazone_Jioni

Mkuu, hesabu ya Chalinze ni sahihi, ila usiisahau barabara ya Handeni, Kibirashi, Kibaya hadi Singida. Kuna vipande vinajengwa kwa lami. Siku itakapoungana yote, gari la Tanga halitahitaji kushuka Chalinze kabisa, na safari ya Singida itapungua kwa kama kilomita 200. Hapo ndipo Tanga itakuwa karibu na Rusumo kuliko Dar. Kwa sasa usimpangie mteja ratiba kwa njia hiyo, hasa masika. Gari lenye tani 45 likikwama kwenye mchepuko wa ujenzi linakula siku zote ulizookoa bandarini.

Na kuna reli. Hii ya Tanga ndiyo ya kwanza nchini, ilianza kujengwa mwaka 1893. Wengi wanadhani inaishia Moshi na Arusha, kumbe kuna kipande cha Mruazi hadi Ruvu kinachoiunga na reli ya kati, na zote ni za upana wa mita moja. Behewa lililopakiwa Tanga linaweza kufika bandari kavu ya Isaka bila kubadilisha reli, kisha malori yakamalizia Rusumo au Kabanga (mpaka wa Burundi). Faida inapatikana ukiwa na mzigo wa kujaza treni nzima, mfano mbolea au ngano. Ukiwa na kontena sita unasubiri wenzako, na kusubiri ndiko tunakokukimbia.

DadaForodha

Nashukuru kwa uzi huu. Upande wa makaratasi, siku nyingi hupotea kabla meli haijafika, ila watu huja kuzihesabu meli ikishafunga.

Cha kwanza ni hati ya shehena (bill of lading). Angalia rasimu yake kabla kampuni ya meli haijaitoa rasmi. Mahali pa kufikishia mzigo paandikwe Kigali au Bujumbura, na kwenye maelezo ya mzigo yawepo maneno kwamba mzigo uko safarini kwenda nchi hiyo kupitia Tanga. Ikiandikwa "Tanga" peke yake, manifesti (orodha ya mizigo ya meli) itauingiza kama mzigo wa ndani, na siku za bure (kabla ya tozo ya kuhifadhi) za mzigo wa ndani ni chache kuliko za transiti. Kuirekebisha manifesti kunawezekana, lakini wakala wa meli anatoza, forodha wanahitaji barua, na saa ya tozo ya kuhifadhi inaendelea kukimbia.

Pili, jina la mpokeaji lilingane herufi kwa herufi na lilivyo kwenye usajili wake wa kodi kule kwao. Tatu, idadi ya vifurushi. Hati ya shehena ikisema katoni 1,240 na ankara ikasema 1,204, hiyo ni makosa ya vidole tu, lakini kwenye mfumo ni mzigo wenye utata na unaweza kupelekwa kukaguliwa kontena likiwa limefunguliwa.

Sasa kodi. Tangu mwaka 2014 tuko kwenye Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki. Mzigo wa Rwanda au Burundi unaokwenda kutumika huko unatangaziwa huko: mpokeaji kupitia wakala wake anaingiza tamko kwenye mfumo wa nchi yake, analipa kodi kwa RRA au OBR (mamlaka za mapato za Rwanda na Burundi), na ruhusa inarudi kwenye mfumo wa huku ndipo mzigo utoke bandarini. Wengi bado wanasubiri meli ifunge ndipo waanze. Anza meli ikiwa njiani, mara tu unapopata hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi. Kama kuna kibali cha viwango, dawa au chakula, kiombwe kabla hata mzigo haujapakiwa kule unakotoka, kwa sababu kibali ndicho kinachochelewa kuliko kodi.

Zambia na Malawi hawamo kwenye Himaya. Mzigo wao unakwenda kwa T1 (hati ya forodha ya mzigo unaopita nchini) na dhamana ya forodha, na dhamana hiyo haifungwi hadi mzigo uthibitishwe umetoka Tunduma au Kasumulu. Wakala mwenye dhamana ndogo akiwa na magari matano ambayo hayajathibitishwa mpakani, la sita halitoki hata kama limepakiwa. Kabla hujampa mtu kazi, muulize dhamana yake imebaki na nafasi kiasi gani.

Kuna jambo moja linaumiza sana na ni jepesi kuliepuka. Mteja anayelipa kwa barua ya benki anahitaji hati halisi za shehena, na hizo zinasafiri kutoka benki hadi benki. Meli inatangulia, karatasi zinafuata. Kama muuzaji anamwamini mnunuzi, waombe hati iachiliwe kwa ujumbe wa kielektroniki, halisi zisisafirishwe kabisa. Kama hawaaminiani, basi tarehe ya kupeleka hati benki iandikwe kwenye mkataba wa mauziano.

Mwisho, lakiri ya kielektroniki. Dereva asome namba iliyopo mlangoni, ailinganishe na ya kwenye hati akiwa bado ndani ya geti. Tarakimu moja ikipishana atagundua Rusumo, kilomita zaidi ya 1,400 kutoka kwa mtu aliyeikosea. Kule Rusumo, tangu mwaka 2016, maofisa wa pande zote mbili wanakaa pamoja kituo kimoja, hivyo mzigo wenye karatasi safi haukai.

Kijana_wa_Pongwe

Dada nashukuru sana. Naomba kuuliza kuhusu mizani. Gari la ekseli 6 limepimwa jumla tani 42.5, kikomo ni 50, na bado limezuiwa kwa kuzidisha. Hili linawezekanaje?

Tani_Hamsini_na_Sita

Linawezekana kabisa, na kwa mzigo wa kontena ndilo kosa linalotokea mara nyingi kuliko kuzidisha jumla.

Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na hapa kwetu ilianza kutumika rasmi Machi 2019. Inapima vitu viwili kwa wakati mmoja: jumla ya gari, na kila kundi la ekseli. Kwa matairi ya kawaida, ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili za nyuma za kichwa tani 18, ekseli tatu za tela tani 24. Jumlisha: 50. Gari la ekseli 7 linafika 56, na hapo ndipo kikomo cha juu kabisa. Matairi mapana yanayofungwa moja moja badala ya mawili mawili yana viwango vya chini zaidi, kwa hiyo ukinunua tela lililotumika Ulaya angalia matairi kabla ya rangi.

Tuchukue gari lako. Kichwa tani 9, tela la kontena lisilo na sakafu tani 5.5, kontena la futi 20 likiwa na mzigo tani 28. Jumla 42.5. Kutoka kingipini (pini ya tela inayoingia kwenye kichwa) hadi katikati ya ekseli tatu za tela tuseme ni mita 8. Uzito wa kontena unagawanyika kwa mizani ya kawaida ya wenzo: kadiri kitovu cha uzito wake kinavyosogea nyuma, ndivyo ekseli za tela zinavyobeba zaidi.

Kitovu kikiwa mita 5.5 nyuma ya kingipini: 28 × 5.5 ÷ 8 = tani 19.25. Ongeza kama tani 4 za tela lenyewe, unapata 23.25. Uko chini ya 24, umepita mizani.

Kontena hilohilo likifungwa kwenye loki (vishikio vya kontena kwenye tela) za nyuma zaidi, kitovu mita 6.2: 28 × 6.2 ÷ 8 = 21.7, ongeza 4, ni 25.7. Umezidi tani 1.7. Sentimita 70 tu zimehamisha karibu tani mbili na nusu.

Ukilisogeza mbele sana nako kuna tatizo. Kitovu mita 4: ekseli za tela zinapata 18, lakini kingipini inabeba 14 za kontena na kama 1.5 za tela. Nyingi ya hizo zinaangukia ekseli mbili za kichwa ambazo tayari zina tani 4 zake. Unakuwa kwenye 19 na kitu, wakati kikomo ni 18. Kwa hiyo kwa tela hili, kitovu kikae kati ya mita 5 na 5.5. Kila tela lipimwe vipimo vyake, maana mtengenezaji na mtengenezaji hawafanani.

Kuna mambo mengine matatu yanayowakamata watu wa Tanga:

Gari linapimwa bandarini likiwa na robo tangi, kisha linajaza Segera. Lita 800 za dizeli ni kilo 670 hivi, na tangi liko kati ya usukani na ekseli za nyuma za kichwa. Jaza tangi kwanza, pima baadaye.

Kontena limepakiwa vibaya ndani. Hati ya uzito uliothibitishwa, ambayo imekuwa lazima kwa meli tangu Julai 2016, inakwambia jumla ya kontena, haikwambii uzito umekaa upande gani. Vigae au vyuma vikirundikwa mlangoni, kitovu si katikati ya kontena tena. Utalijua likinyanyuliwa: kontena linaning'inia likiwa limeinama. Mwambie dereva asimame aangalie pale linaponyanyuliwa, na akiliona limeinama nyuma alifunge loki za mbele.

Tela lenye ekseli ya kunyanyuka ambayo haishuki. Mfuko wa hewa ukivuja, ekseli inagusa lami lakini haibebi. Dereva haoni, mizani inaona.

Wanaosema mizani inaonea watu, wakumbuke kwamba uharibifu wa lami hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukizidisha asilimia 10, unaharibu kama asilimia 46 zaidi. Barabara ya Segera ikifa, wa kwanza kuumia ni mzigo wetu.

Kijana_wa_Pongwe

Nimeelewa, shukrani mkuu. Loki za nyuma ndizo zilizotumika.

Makorora_Stoo

Swali kwa wote. Kwa nini tuhangaike kusafirisha kontena lenyewe hadi Kigali wakati linatakiwa lirudi? Kwa nini tusilivue hapahapa Tanga, mzigo ukapanda kwenye tela la kawaida?

Ngamiani_B12

Kwa mzigo wa magunia, mkuu, mara nyingi hiyo ndiyo hesabu nzuri. Kontena la futi 20 haliruhusiwi kuzidi tani 30.48 likiwa na mzigo wake, na lenyewe lina kama tani 2.3. Hivyo mzigo halisi hauzidi tani 28 na kidogo. Tela la ubavu likiwa tani 7.5 na kichwa tani 9, unabaki na 33.5 hadi ufike 50. Acha nafasi ya tahadhari, pakia magunia 640 ya kilo 50, ni tani 32. Umeongeza karibu tani 4 kwa safari ileile, na kontena limerudi kwa wenyewe siku hiyohiyo. Hakuna demareji (tozo ya kuchelewesha kontena) wala amana ya kontena iliyofungwa.

Masharti yake ndiyo haya. Uvuaji ufanyike mbele ya forodha, na idadi iandikwe na pande tatu: forodha, bandari kavu na mwenye gari. Turubai liwe moja lisilo na kiraka, kamba ipite kwenye kila pete bila kuruka hata moja, na ncha zake zikutane mahali pamoja panapofungwa lakiri. Pete ikirukwa, mtu anaingiza mkono. Chini ya magunia tandika mbao au turubai jingine, maana maji hayaingii kwa juu tu, yanarushwa na matairi kutoka chini. Usivue wakati wa mvua za Aprili bila paa.

Usivue vioo, vifaa vya umeme, dawa, wala katoni ndogondogo zinazohesabika kwa maelfu. Upotevu wa katoni 15 unakula faida yote.

Majani_Mapana

Makorora, kuvua kunatatua nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba gari linarudi tupu. Rwanda na Burundi zinaingiza uzito mwingi kuliko zinavyotoa. Ukipata mzigo wa kurudi, hata kwa nusu bei, umelipa dizeli ya kurudi na umeweza kushusha bei ya kwenda. Mzigo wenyewe ni kahawa, chai na madini. Kwa kahawa, kontena linahitajika, kwa hiyo usivue yote.

Kontena moja la futi 20 linachukua magunia 320 ya kilo 60, ni tani 19.2. Uzito si tatizo hapo. Tatizo ni jasho la kontena. Kahawa inapakiwa kwenye nchi ya milima yenye usiku wa baridi, inashuka hadi joto na unyevu wa Tanga, kisha inapanda meli. Hewa iliyofungiwa ndani inapopoa usiku, maji yanajikusanya kwenye dari na kudondokea magunia ya juu. Kahawa iliyotoka na unyevu wa asilimia 11 au 12 inafika na ukungu.

Kinga yake si ghali. Mtu aingie ndani, milango ifungwe, asimame gizani dakika mbili akiangalia dari na pembe: tundu lolote litaonyesha mwanga. Anuse pia. Kontena lililobeba kemikali au mbolea liachwe, kwa sababu kahawa inavuta harufu na hairudishi. Sakafu iwe kavu. Karatasi ngumu ya kahawia itandikwe kuta zote, na juu pamoja na mlangoni iwe tabaka mbili, maana hapo ndipo panapodondoka. Magunia yasiguse chuma. Mifuko ya kunyonya unyevu ining'inizwe kwenye pembe, isiwekwe katikati ya magunia.

Na la muhimu kuliko yote: ruhusa ya kampuni ya meli kulitumia kontena lililoleta mzigo kurudishia kahawa iombwe kabla gari halijatoka Tanga. Kontena lazima liwe la kampuni ileile itakayobeba kahawa. Ukiomba ukiwa Kigali, siku za bure zinaisha ukisubiri jibu. Rwanda wanavuna kuanzia Machi hadi Julai hivi, kwa hiyo makubaliano na wenye kahawa yafanywe mapema, kabla magunia hayajaanza kushonwa.

Raskazone_Jioni

Naongeza moja kwa sababu naona watu wanachanganya. Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443, na ni kweli ni shehena ya nchi isiyo na bahari inayoishia kwetu. Lakini mafuta yanatoka kwa bomba yanaingia melini kwa jeti (gati) yake. Hayapiti kwenye gati la kontena, wala hayaongezi gari hata moja barabarani. Mizigo ya ujenzi wake ni ya muda. Anayekopa kununua malori kwa kutazama bomba aangalie tena mkataba wake unaisha lini. Mzigo wa kudumu ni mbolea, ngano, vyuma, vigae, vipuri na nguo za mitumba.

Kijana_wa_Pongwe

Wakuu, mtu asiye na gari wala dhamana ya forodha anaweza kuingia wapi kwenye kazi hii?

DadaForodha

Pa kuingia papo, mdogo wangu, na Tanga hapa kuna pengo kubwa ambalo halihitaji mtaji wa gari: kufuatilia makontena. Mwenye mzigo yuko Gitega, wakala wake anashughulika na kodi, dereva anashughulika na barabara, na kontena tupu halina mwenyewe. Matokeo yake ni amana kupotea na mashtaka ya siku za ziada.

Mtu makini mwenye simu na kompyuta moja anaweza kusimamia makontena 60 ya wateja wadogo. Kila kontena liwe na mstari wake: namba ya kontena (herufi nne na tarakimu saba, tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki, mfumo utakukatalia ukiikosea), kampuni ya meli, tarehe ya kushuka, tarehe ya kutoka geti, namba ya lakiri, tarehe ya kufika mpakani, tarehe ya kushusha, amana iliyowekwa, na yadi ambayo kampuni ya meli inataka tupu irudishwe. Usidhani ni bandarini ilikotoka. Wakati mwingine wanataka irudi yadi ya Dar, na bei ya gari ilishapangwa kwa kurudi Tanga. Hilo liulizwe kwa maandishi siku ya kuchukua kibali cha kutolea mzigo.

Dereva apige picha sita kontena tupu linapopokewa na sita linaporudishwa: pande nne, ndani, na sakafu. Bila picha, tundu la zamani litalipiwa na mteja wako.

Na tarehe ya mwisho ya kurudisha kontena iweke safu ya kwanza kabisa kushoto, kabla hata ya jina la mteja. Kila asubuhi panga orodha kwa tarehe hiyo, na simu ya kwanza apigiwe dereva aliye juu ya orodha.